Orodha Iliyoanza na Saidi

Ipo siku moja, mwanangu, inayonirudia kila ninapoona mtu anafunga ujumbe wa kosa kabla ya kuusoma. Jana uliufunga mbele ya macho yangu. Ulikuwa umekaa kwenye ile kompyuta ya dirishani, programu yako ikasimama, ikakuandikia mistari mitatu myekundu, nawe ukaichukua amri yako ukaifunika kwa ile nyingine inayoiambia mashine imeze makosa na kunyamaza. Programu ikaendelea. Ukanigeukia unacheka, kama mtu aliyeshinda mchezo. Nikakuambia nakwenda kutia chai majani, nikaingia ndani, nikakaa juu ya gunia la mchele mpaka maji ya chai yakakauka.

Leo asubuhi umeniuliza kama ninaumwa. Siumwi. Niliogopa, na bado naogopa, ndiyo maana nimekwambia uzime hiyo simu yako unisikilize.

Ninyi vijana wa Rumonge mnaniita Mama Ordinateri, yaani Mama Kompyuta, na mnadhani nilizaliwa na miwani hii mizito, nikijua kila kitu. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na saba na mdomo mrefu kuliko elimu yangu. Tulikuwa tumerudi kutoka upande wa Kigoma, mimi na mama yangu, Mariamu, na nilikuwa nimetoka Nyanza-Lac kwa Mwalimu Kitenge, mzee wa Kikongo aliyewahi kuwa fundi redio. Mwalimu Kitenge alitufundisha Lisp, lugha ya kuandikia programu, kwa sababu ndiyo aliyoijua, hakujitafutia sababu nyingine. Nyinyi mnaicheka kwa wingi wa mabano yake. Sisi tuliipenda kwa sababu kila kitu ndani yake ni orodha: orodha ya majina, orodha ya amri, orodha ndani ya orodha. Na alikuwa na sharti moja ambalo alilirudia mpaka tukamchoka: katika kila programu, hesabu vinavyoingia na hesabu vinavyotoka, visipolingana programu isimame ipige kelele.

Nilipata kazi kwenye mwalo, pale boti za mbao za kwenda upande wa Kongo zilipokuwa zinapakia watu na mizigo. Usiende kupatafuta, ziwa limepanda na kupameza, pamebaki nguzo mbili tu zinazotokeza majini. Kilikuwa chumba kimoja cha bati cha chama cha wenye boti, kina kompyuta moja ya msaada, mashine ya kuchapa karatasi, na ile redio ya kuitana na ng'ambo tuliyoiita foni.

Kabla yangu, kazi ya majina ilikuwa ya Papa Ramazani. Boti haikusukumwa majini mpaka yeye asimame kwenye mchanga na kaye yake, daftari la shule lenye jalada la bluu, aite abiria mmoja mmoja. Kila aliyeitwa alijibu "Niko!" kwa sauti, hata kama ni tajiri mwenye magunia hamsini. Waliowasindikiza walisimama pembeni wakisikia. Kisha kaye ilibaki nchi kavu, chini ya kwapa la Papa Ramazani, mpaka foni iseme boti imefika. Ilikuwa desturi ya mwalo ule tangu babu zake walipokuja kutoka Kongo. Watu waliiheshimu kuliko walivyoiheshimu saa.

Mimi niliona ni kupoteza wakati. Niliandika programu ya kupokea majina na kuyachapa kwenye karatasi safi, na kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi mwema, nikaweka sharti la Mwalimu: waliosajiliwa wangapi, wanaochapwa wangapi, wakipishana programu isimame na iseme. Kisha nikakiambia chama kwamba kuita majina mchangani hakuna haja tena. Mwenyekiti wetu, Bwana Ferdinandi, aliyependa kila kitu kipya, akakubali. Papa Ramazani akaja mlangoni, akaitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Mutoto wangu," akasema, "hii mashini yako, ukiita jina, inajibu niko?"

Nilicheka. Nilimwambia mashine haihitaji kujibu, inakumbuka. Akajikuna ndevu akaondoka na kaye yake, wala hakunibishia. Afadhali angenibishia.

Baada ya miezi kadhaa ofisi moja ikataka majina yafuate alfabeti. Kazi ndogo. Lisp ina amri ya kupanga, unaipa orodha na kuieleza namna ya kulinganisha, inapanga. Nikaongeza mstari mmoja juu ya ule wa kuchapa. Nikaujaribu kwa majina matatu yaliyonijia kichwani: Amina, Baraka, Chiza. Yakatoka matatu. Nikajipigia makofi, nikaenda kununua ndagala, dagaa wetu wa hapa, za kukaanga.

Kwa wiki tatu programu ilifanya kazi bila tatizo, boti ikiondoka Jumatatu na Alhamisi, na kila karatasi ikawa na watu wote. Nataka uishike hiyo, mwanangu. Wiki tatu nzima. Kitu kibovu kinaweza kukutumikia wiki tatu kwa adabu kabisa.

Sasa Alhamisi ya wiki ya nne. Palikuwa na jua zuri asubuhi. Mama yangu alikuwa anakwenda kumtazama dada yake aliyelazwa ng'ambo. Alikuja ofisini na kapu lake, akanipa jina lake kwa mzaha, "Andika: Mariamu, mama wa mutu mukubwa wa ordinateri," nami nikaliandika. Wa kwanza kujiandikisha siku hiyo alikuwa Saidi, mwashi wa Gatete, kisha wakafuata wengine, nikiyaandika majina yao haraka bila kuinua uso. Nilipobonyeza ili karatasi ichapwe, programu ikasimama. Ikaandika ujumbe.

Nahodha alikuwa mlangoni. "Rehema, tunachelewa! Upepo ukianza mu saa sita tutalia!" Nyuma yake watu wanasukumana, mtoto analia, mtu ananiuliza kama kuku anaandikishwa. Niliona aibu. Mashine yangu, niliyoitetea mbele ya mwalo mzima, inanikatalia mbele ya watu. Nikafanya ulichofanya jana. Nikaifunika amri yangu kwa ile ya kumeza makosa, nikabonyeza tena, karatasi ikatoka. Sikuisoma karatasi. Sikuusoma ujumbe. Niliikunja karatasi, maandishi yakawa ndani, nikaibana chini ya jiwe mezani, nikamwambia nahodha aende. Mama alinipungia mkono akiwa amekaa katikati ya boti, kati ya mabidoni, yale madumu matupu ya njano yaliyokuwa yanapelekwa kujazwa mawese.

Upepo ulianza kabla ya saa sita.

Wewe umezaliwa hapa, huna haja ya kusimuliwa ziwa likigeuka. Lilikuwa bluu, likawa kijivu, mawimbi yakaanza kupiga mchanga mpaka bati za ofisi zikawa zinalia. Milima ya Kongo ikafutika. Mvua haikunyesha kwetu, lakini tuliiona kule katikati, imesimama. Nilikaa karibu na foni nikiisikiliza inavyokoroma. Saa saba ng'ambo wakasema boti haijafika. Saa saba na nusu wakasema haijaonekana. Saa nane kasoro, mvuvi mmoja wa Minago akaleta habari kwamba ameona vitu vinaelea mbali, bidoni nyingi na ubao mrefu, mawimbi yakamkatalia kusogea.

Bwana Ferdinandi akaingia mbio, shati limemganda mwilini.

"Rehema! Lisiti ya majina iko wapi? Iko watu wangapi mu ile boti?"

Nikaichomoa karatasi chini ya jiwe, nikaikunjua, nikahesabu mistari. "Saba," nikasema. "Na wafanyakazi watatu."

"Kumi basi. Boti moja inatosha. Esanse ya injini iko kidogo, hatuwezi kumaliza yote." Akatoka, nikamsikia akipiga kelele, na boti moja ikasukumwa.

Nilibaki na karatasi mkononi. Nilitaka kuliona jina la mama tu. Ni kitu cha kitoto, lakini nilitaka kulishika kwa kidole. Wa kwanza Saidi. Salima. Shabani. Tatu. Yusufu. Zainabu. Zuena. Nikarudia kutoka juu. Nikageuza karatasi, upande wa pili ulikuwa mweupe.

Mama yangu alikuwa ndani ya ile boti, nilimwandika mwenyewe, na karatasi yangu inasema hayupo duniani. Na kama yeye hayupo kwenye karatasi, ni wangapi wengine wasiokuwepo? Boti moja imekwenda kutafuta watu kumi. Ikijaa, itarudi. Giza huingia saa kumi na mbili.

Ungedhani nilikimbia nje kusema. Hapana. Nilikwenda kwenye kompyuta. Nilijiambia nitengeneze kwanza, nitoke na orodha kamili, na hakuna atakayejua. Aibu ilikuwa inanitawala hata pale, na mama yangu majini. Nikabadilisha mstari huu, nikabadilisha ule, nikarudisha, nikahamisha mabano, vyote kwa pamoja, bila kujua nimegusa kipi na kimeleta nini. Programu ikazidi kuharibika. Ndipo nikafanya ujinga wa mwisho, ambao kila mtu hufanya: nikaizima nikaiwasha.

Majina yote niliyoyaandika asubuhi yalikuwa kwenye kioo. Ningepandisha tu juu, ningeyaona, na ule ujumbe pia ningeuona. Nilipoiwasha, kioo kilikuwa kitupu kama kilivyotoka dukani.

Sijui nilikaa muda gani. Papa Ramazani ndiye aliyenikuta. Alisimama nyuma yangu, akaiona karatasi, akaisoma kwa midomo bila sauti.

"Mama yako si aliingia mu ile boti? Mimi nilimuona na macho yangu."

"Lisiti iko mubaya, Papa."

"Sema tena."

"Lisiti yangu iko mubaya. Sijui iko watu wangapi. Nimefuta majina."

Nilingoja anipige, au aseme, si nilikuambia. Alinishika kiwiko akaninyanyua. "Usiniambie mimi. Twende uwaambie wale. Upesi."

Mwalo ulikuwa umejaa. Habari zilikuwa zimefika sokoni, na watu walikuwa wanashuka wengine wana mikono ya unga. Papa Ramazani alinipandisha juu ya pipa. Nikasema: karatasi yangu ni ya uongo, watu ni wengi kuliko saba, na mimi ndiye niliyeharibu. Kisha mwanamke mmoja akapiga ukelele ambao mpaka leo nikiusikia hata katika arusi nageuka. Mtu alinirushia kandambili, ikanipata shavuni. Sikumlaumu, alikuwa na mke kule.

Papa Ramazani akainua mkono, akaita kwa ile sauti yake ya zamani, ile ya asubuhi za mchangani:

"Nani alisindikiza mutu leo? Usilie kwanza! Sema jina!"

"Halima! Dada yangu Halima!"

"Bukuru na bibi yake!"

"Mwalimu Juma!"

"Mariamu," nikasema mimi.

Yeye akawa anaandika nyuma ya karatasi yangu, juu ya goti, na kila jina analirudia kwa sauti ili asiliandike mara mbili. Zamani watu walijibu wenyewe kwamba wapo. Sasa mwalo ndio ulikuwa unawajibia. Ikachukua dakika kumi au kumi na tano, na kila dakika nilikuwa nalitazama jua. Alipomaliza aliuliza mara tatu, "Iko mwingine? Iko mwingine?" Hapakuwa na mwingine. Abiria ishirini na watatu. Na watatu wa kazi, ishirini na sita. Bwana Ferdinandi hakusema tena habari za esanse. Boti tatu nyingine zikaingia majini, wanaume wamefungua mapipa yote ya esanse yaliyokuwepo.

Ukiniuliza saa zile za kungoja zilikuwaje, nilikuwa nahesabu. Nilihesabu mawimbi, vidole, nguzo za ofisi. Nilimwahidi Mungu mambo mengi ambayo sikuyatimiza yote. Wanawake walikuwa wamekaa mchangani wamenipa mgongo.

Boti zilirudi jua likiwa limeshuka sana, moja baada ya nyingine. Watu walikuwa wameelea kwa kushikilia yale mabidoni ya mawese, wengine wawili wawili kwenye bidoni moja. Walishushwa wamekunjamana ngozi, midomo myeupe. Papa Ramazani akasimama palepale alipozoea kusimama, akaita majina yote kutoka nyuma ya karatasi yangu, na kila jina likajibiwa, mengine kwa sauti ya kunong'ona. "Niko." "Niko." Mama alijibu niko, nikaanguka miguuni pake. Ishirini na sita. Mwalo ukalipuka kwa vigelegele, Bwana Ferdinandi akamkumbatia nahodha, watu wakaanza kuwashukuru wenye boti, murakoze, murakoze.

Mama alikuwa anatetemeka ndani ya blanketi. Akanishika mkono.

"Na yule Papa wa ndevu yuko wapi?"

"Yupi, mama?"

"Ule mutu wa ndevu nyeupe. Alikaa karibu na mimi. Alinipa bidoni yake, akasema ye anajua kuogelea. Wamemutoa?"

Nilimtazama Papa Ramazani, naye akaitazama karatasi. Saidi mwashi, aliyekuwa ameketi pembeni akitapika maji, akainua kichwa. "Mimi nilifikiri iko mu boti ya tatu," akasema. Waliokuwa boti ya tatu walidhani yuko ya kwanza. Kule majini walihesabu vichwa vikatimia ishirini na sita, na kwa hiyo kila boti ikageuka na moyo mweupe.

Hakuna aliyekuwa amemsindikiza, mwanangu. Alikuwa mgeni. Mama alikumbuka kwamba alikuwa na mfuko wa vyuma vya kutengenezea cherehani, na kwamba alisema ameshuka asubuhi ile kutoka njia ya Bujumbura. Mwalo haukumjibia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumjibia. Mahali pekee nchi kavu palipokuwa na jina lake ni kwenye kompyuta yangu.

Boti zilirudi majini mpaka mwanga ukaisha, zikaenda tena alfajiri, na siku iliyofuata. Hawakumpata.

Siku ya nne nilikwenda Nyanza-Lac kwa Mwalimu Kitenge. Nilikuwa nimeinakili programu nzima kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Nilidhani atanifukuza. Alinipa kiti, akasoma, akaniuliza jambo moja tu: "Ulijaribu na majina gani?" Nikamwambia, Amina, Baraka, Chiza. Akafumba macho.

"Yalikuwa yamejipanga tayari," akasema. "Andika tena, lakini anza na Saidi. Saidi, Amina, Halima. Matatu, si zaidi. Panga, kisha chapa."

Nikaandika. Likatoka jina moja. Saidi.

Nilikuwa nimetafuta kosa hilo siku nne ndani ya kurasa tano, nalo lilikuwa linakaa kwenye majina matatu. Alinieleza polepole. Orodha katika Lisp, akasema, ni watu waliopanga mstari, kila mmoja amemshika mkono anayemfuata. Wewe mwenye orodha hukuwashika wote, umemshika wa kwanza tu, na kwa kumfuata yeye unawafikia wengine. Amri ya kupanga haiundi mstari mpya. Inawachukua walewale, inawaachanisha mikono, inawapanga upya, kisha inakupa mkono wa aliye wa kwanza sasa. Mimi ule mkono sikuupokea. Niliendelea kumshika Saidi. Naye Saidi alikuwa amehamishiwa nyuma, kwa hiyo nilimfikia yeye na waliokuwa baada yake tu. Wote wa herufi za mbele walibaki bila mtu wa kuwashika.

"Na wiki tatu?" nikamuuliza. "Mbona wiki tatu watu walitoka wote?"

"Nani alikuwa anajiandikisha wa kwanza?"

Nikakumbuka. Abedi, muuza vitenge, aliyechukia kukaa karibu na injini. Kila safari alifika kabla ya wote ili achague mahali pa mbele. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni na wa kwanza kwenye alfabeti, akabaki palepale, nami nikiwa nimemshika yeye nikawapata wote. Alhamisi ile Abedi alikuwa kitandani na malaria.

Nililia sana. Mwalimu aliniacha nilie, kisha akasema kitu ambacho nimekaa nacho mpaka nimezeeka. "Kosa la kupanga, kila mtu wa Lisp amelifanya, hata mimi. Kwa hilo sikuhesabii dhambi. Lakini programu yako ilisimama. Sharti nililokupa lilifanya kazi. Ule ujumbe ulisemaje?"

Niliuandika mimi mwenyewe miezi mingi nyuma, kwa hiyo nilijua ungesemaje. Ungesema: waliosajiliwa ishirini na wanne, wanaochapwa saba. Ishirini na wanne, mwanangu. Mashine ilimhesabu yule mzee wa ndevu. Iliniambia asubuhi, jua likiwa zuri, boti bado iko mchangani. Iliniambia kwa Kiswahili nilichokiandika mwenyewe, nami nikaifunga mdomo kwa sababu nahodha alikuwa ananitazama.

Sasa nisikilize vizuri. Programu ikisimama, usiione kama mtu anayekutukana mbele za watu. Toa mikono kwenye kibodi. Soma ujumbe wote, kuanzia neno la kwanza, kwa sauti kama unaweza, hata kama Rumonge nzima imejazana mlangoni inakungoja. Unakili mahali, kwa sababu woga utakusahaulisha. Usizime mashine kabla hujaiuliza inachojua. Usibadilishe vitu vitano kwa pamoja, badilisha kimoja, utazame, ukirudishe kama si chenyewe. Lipunguze tatizo mpaka libaki majina matatu, na yale majina usiyachague mazuri, yachague yaliyovurugika. Kila amri inayopokea orodha yako, uliza inairudisha nzima au inaibomoa. Na amri ya kumeza makosa usiitumie kabisa ili upate kupumua. Mimi nilipumua nusu saa kwa amri ile, na nimeilipia miaka thelathini.

Na ukiharibu, toka nje useme. Mapema. Zile dakika nilizokaa nikificha, nazihesabu mpaka leo. Pengine zilikuwa zake.

Papa Ramazani alirudi kuita majina mchangani mpaka alipofariki. Mimi nilitengeneza programu, nikawa nasimama pembeni yake na karatasi, yeye anaita, mimi natia alama, na boti haikuondoka mpaka tulingane. Jina la yule mzee nililitafuta Gatete, Muhuta, Minago, mpaka kwa mafundi cherehani wa Bujumbura. Kuna kijana aliyeniambia labda, kuna mjane aliyeniambia hapana. Vidole hivi hivi viliandika jina lake, herufi zote, na mimi silijui.

Umewahi kuniuliza kwa nini orodha zangu zote za majaribio ni zilezile, na ukanicheka kwamba nimeishiwa majina. Zinaanza na Saidi. Ndani yake yumo Mariamu. Na kila mara, mahali tofauti, namweka mmoja anayeitwa Mgeni. Programu ikimpoteza yeye, haitoki chumbani humu, hata mkubwa gani aje kuidai.

Rudi sasa kwenye ile kompyuta ya dirishani. Iondoe ile amri uliyofunikia jana, uiache programu ikuambie ilichotaka kukuambia. Nitakaa karibu nawe tusome pamoja, maana peke yangu bado naogopa. Mungu akupe macho ya kusoma na ulimi wa kukiri, mwanangu. Akulinde na haraka za watu wa mlangoni. Kila aliyeweka jina lake mikononi mwako alikute siku atakapoitwa, na yule asiye na wa kumsindikiza, Mungu akufanye wewe uwe mtu wake wa nchi kavu. Amina.